Dawa Nyeusi ya Mama

Nimefundisha somo la matangazo ya biashara chuo kikuu kwa miaka mingi, na mtu wa kwanza niliyejaribu kumuuzia kitu kwa dhati alikuwa mama yangu mzazi. Kitu chenyewe kilikuwa cha bure: vidonge vya kuongeza damu kutoka hospitali. Nilishindwa na chupa ya bia.

Mama alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alinivuta pembeni akaniambia kwamba kwa damu kidogo aliyokuwa nayo, akimpasua huenda asimrudishe. Ipande kwanza. Basi nikamtoa kwake kijijini Nyakach, nikamleta Milimani, mjini Kisumu, katika kijumba ninachopanga nyuma ya jumba la mtu mkubwa, ili nimsimamie dawa mwenyewe.

Haukupita muda nikakuta vidonge vimelala vilevile, na mezani, kando ya Biblia, imesimama chupa ya ile bia nyeusi ya Ireland. Huyu ni mwanamke ambaye aliwahi kukataa soda harusini kwa sababu ilikaa meza moja na pombe.

"Mama, hiyo ni bia."

"Bia ni ya manjano," alinijibu. "Tena hunywewa baridi. Hii ni nyeusi, na nainywa moto."

Asiyejua baa zetu aelewe: mhudumu akikuuliza "moto au baridi?", moto ni ile ambayo haijaona friji. Anayestarehe huagiza baridi. Anayejitibu huagiza moto, tena hukunja uso anapoimeza, ili Mungu aone kwamba hafurahii.

Nikamfungulia mhadhara. Nilimweleza kwamba weusi ule ni wa shayiri iliyokaangwa karibu kuungua, wala si damu. Kwamba wajanja wa matangazo waliwaambia Waingereza zamani kuwa kinywaji hiki kinajenga mwili, hata wanawake waliotoka kujifungua wakapewa wodini. Kwamba kilipofika kwetu wakabandika barabarani wanaume wenye vifua kama milango, na nusu ya wanaume wa Kisumu wakaamini nguvu za chumbani zinauzwa kwa chupa. Nikamalizia kwa pigo la mwisho: siku hizi wenye bia yao hawathubutu tena kusema kwamba inatibu.

Mama alinisikiliza kama anavyowasikiliza wanasiasa matangani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Waliacha kusema kwa sababu kila mtu alishajua." Akapiga funda, akakunja uso. "Na wewe, nyathina, mwanangu, unayeitwa daktari huko chuoni, ni daktari wa nini hasa? Sijaona hata mbuzi uliyemtibu."

Akina mama wa kanisa lake walipokuja kumwombea, sikuificha ile chupa. Niliisogeza katikati ya meza kabisa. Nilitumaini kanisa litafanya ambacho chuo kikuu kimeshindwa. Mwenyekiti wao, mama ambaye mchungaji mwenyewe humwogopa, aliinyanyua, akaitazama, akamgeukia Mama.

"Ya damu?"

"Ya damu."

Wakaiombea. Wakamwombea na mgonjwa, kisha wakaniombea mimi, mtoto aliyekaushwa na vitabu.

Nikarudi kwa daktari mikono mitupu. Alisema angependa asinywe hata tone, lakini kama hiyo ndiyo bei ya kidonge, basi iwe robo glasi jioni, mbali na dawa, na ikome kabla ya upasuaji. Nikampelekea Mama masharti hayo, tukavutana kama wanunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kule Usenge. Mwishowe alikubali: kidonge kila asubuhi mbele ya macho yangu, robo glasi jioni. Kipimo changu cha robo alikiita wizi.

Damu ikapanda. Wakampasua, uvimbe ukatoka, na aliponifinya mkono baada ya dawa ya usingizi kuisha, nililia kama mtu ambaye hana shahada hata moja.

Nilipokwenda kumwona tena wodini, nilimkuta ameketi kitandani akimhubiria jirani yake, mama mmoja mnyonge ambaye naye alikuwa anasubiri damu ipande. Vidonge vya huyo jirani vilikuwa juu ya kabati, havijaguswa.

"Hii ndiyo iliyoniponya," Mama alikuwa akisema, akionyesha urefu wa chupa kwa viganja. Hakuna kampuni iliyowahi kupata tangazo kama lile, tena bila malipo.

"Na vidonge, Mama," nikadakia.

"Hivyo ni vya kusindikiza. Lakini mwulize huyu kijana wangu, amesoma hayo mambo."

Nikavuta kiti karibu na yule mama. Nikamweleza taratibu, kwa lugha nyepesi kuliko yoyote niliyowahi kutumia darasani, kwamba damu imeletwa na vidonge, kwamba bia haikuongeza kitu, kwamba ameze vyake leo hii. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kila nilipotua. Akachukua kidonge, akakimeza kwa maji, nami nikahisi kwamba hatimaye nimeuza kitu.

"Asante, daktari," akasema. Kisha akaniinamia, sauti chini. "Na hiyo nyingine, inanywewa moto au baridi?"

"Moto," akajibu Mama.