Ukurasa wa Kumi na Moja Niliuandika kwa Kubahatisha

Aliyefuta sauti ya Mama Wakuru ni mimi. Dada Bhoke alibonyeza tu, na alibonyeza kwa sababu nilimwandikia abonyeze. Majina haya siyo yao, na langu nimelificha kwa aibu, lakini kosa ni langu lote.

Mimi ni kijana wa Musoma, narekodi kwaya. Hakuna aliyenifundisha. Programu ninayotumia ni kubwa, menyu ndani ya menyu, na kitabu chake cha maelezo ni mamia ya kurasa za Kiingereza cha mafundi. Nilisoma mwanzo nikakata tamaa. Yaliyobaki nilijifunza kwa kuharibu.

Nina tabia nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Siwezi kutoa kazi yenye kasoro. Nikiona mstari umepinda kwenye karatasi, naanza upya. Nikiulizwa jambo nisilolijua, naona aibu kusema sijui.

Kwaya moja ya Butiama walipata kompyuta yao ili warekodi wenyewe kanisani, maana kuwaleta watu thelathini Musoma kwa kila wimbo ilikuwa shida. Wakaniomba niwaandikie mwongozo kwa Kiswahili. Wa kurekodi wakamchagua Dada Bhoke, fundi cherehani, kwa sababu ya umakini wake. Yule dada hupima kitambaa mara mbili ndipo ashike mkasi.

"Mura, niandikie kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kuona kompyuta," aliniambia, maana huku kwetu kijana huitwa mura. "Usiruke hatua. Mimi huwaga nafanya kilichoandikwa tu, siongezi, sipunguzi."

Niliandika wiki nzima. Niliweka picha za vitufe na mishale myekundu. Ukurasa wa nne niliwaambia waweke nyimbo zote kwenye folda moja, zisipotee. Mimi mwenyewe naweka kila wimbo kwenye folda yake, ila niliona folda moja itakuwa rahisi kwao.

Ukurasa wa kumi na moja ulihusu diski ikijaa. Hapo nikakwama, kwa sababu diski yangu haijawahi kujaa. Nilishaona kwenye menyu amri ya kusafisha, nikadhani inaondoa vile vipande vilivyoimbwa vibaya. Sikuijaribu. Kitabu cha maelezo kilikuwa humo humo kwenye kompyuta yangu, sikukifungua. Nilikuwa nimeahidi kupeleka mwongozo kesho yake, na ukurasa mtupu katikati ya kazi nzuri vile ningeuonea haya.

Nikaandika: fungua wimbo wowote, chagua amri ya kusafisha, na kompyuta ikikuuliza chochote, kubali.

Eti kubali. Hilo swali lenyewe nilikuwa sijawahi kulisoma.

Mwongozo ulifungwa vizuri stesheneri, jalada la bluu. Mwenyekiti wa kwaya aliuinua juu mbele ya waimbaji wote. "Hiki ni kitabu, jamani, siyo makaratasi." Kwaya nyingine, mpaka za Bunda, wakaomba kopi. Nikavimba kichwa.

Miezi ikapita. Wakarekodi nyimbo sita ambazo anayeongoza ni Mama Wakuru. Sauti yake nzito, haina haraka, ukiisikia unaacha unachofanya. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo. Alipona, lakini sauti ya kuimba haikurudi. Sasa anaongea kwa kunong'ona. Zile nyimbo sita ndizo pekee zilizobaki na sauti yake, na mimi nilikuwa nizifuate nikazimalizie, zizinduliwe kwenye mkutano wa kwaya Bunda.

Siku moja mchana Dada Bhoke akanipigia.

"Mura, nyimbo zinafunguka lakini hazilii."

"Hazilii vipi?"

"Majina nayaona, mistari naiona, sauti hakuna. Unaolia ni ule wa watoto wa shule ya Jumapili tu, ambao nilikuwa nimeufungua."

"Kabla ya hapo ulifanya nini?"

"Diski ilijaa. Nikafuata ukurasa wa kumi na moja."

Nilimwambia asiguse kitu. Nikatengeneza nyimbo tatu za majaribio kwenye kompyuta yangu, nikaziweka kwenye folda moja, nikafuata maneno yangu mwenyewe hatua kwa hatua. Amri ile inabakiza sauti za wimbo uliofunguliwa tu. Nyingine zote zilizomo kwenye folda inazifuta, na ukilikubali lile swali, haziendi hata kwenye kapu la taka.

Kwa hiyo niliondoka Musoma nikijua. Naomba mlielewe hilo. Sikwenda Butiama na mashaka, nilikwenda na uhakika.

Kwenye ofisi ya kanisa nilijaribu kuzifufua zile faili. Vikatoka vipande vya kelele. Mwenyekiti alikuwepo, waimbaji kadhaa walikuwepo, na Mama Wakuru alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono juu ya mapaja.

"Sasa fundi," mwenyekiti akaniuliza, "hapa tatizo ni mashine au ni mtu?"

Kila mtu akanitazama. Ule mwongozo wa bluu ulikuwa mezani. Nikasema, "Kuna hatua imerukwa."

"Hatua ipi?" Dada Bhoke akauliza.

"Ni mambo ya kiufundi, dada."

Mmoja wa waimbaji wa besi akasema, "Na mimi nilisemaga. Cherehani na kompyuta wapi na wapi?" Wengine wakacheka. Dada Bhoke alisimama. Alitoa funguo za ofisi kwenye mkoba wake, akaziweka mezani, akatoka.

Nikauchukua mwongozo, nikasema naenda kuuboresha.

Bunda walikwenda bila hizo nyimbo, wakiongozwa na mtu mwingine. Nilisikia kwamba Mama Wakuru aliketi na wasikilizaji. Mimi sikwenda, nilijisingizia homa.

Ningeweza kunyamaza mpaka leo. Lakini ukurasa wenye kosa ulinikosesha raha. Nikausahihisha, nikachapisha mwongozo upya kimya kimya, nikampelekea mrekodi mpya aliyechukua nafasi ya Dada Bhoke. Naye kuna kitu hakukielewa, akamfuata Dada Bhoke amsaidie. Wakaufungua pamoja.

Simu ilipoita nikaona jina lake, nikajua.

"Ukurasa wa kumi na moja umebadilika," alisema.

Nilitoka nje na simu sikioni.

"Ule wa zamani nilikuwa nimeunakili kwenye daftari langu la vipimo, neno kwa neno. Kila siku nausoma nikitafuta hiyo hatua niliyoruka. Nimeitafuta, mura. Mteja yuko mbele yangu anasubiri kupimwa, mimi natafuta hatua."

"Hakuna, dada. Hukuruka kitu. Mimi ndiye sikujua."

Nikasikia cherehani za wenzake zinalia nyuma yake.

"Basi njoo uwaambie wale uliowaambia kwanza."

Nilikwenda siku ya mazoezi. Nilisimama mbele yao nikasema yote: kubahatisha, kujaribu, kujua, kudanganya. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Yule wa besi alijikohoza, akatazama mlango. Mama Wakuru alipotaka kuongea, watu wote walinyamaza ili wamsikie.

"Bhoke umemwambia?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukamwacha abebe hilo siku zote hizo."

Nyimbo zake hakuzitaja hata kidogo. Angezitaja, ningeumia kidogo kuliko hivi.

Dada Bhoke amenisamehe, alinitamkia mwenyewe. Kwenye kwaya hajarudi. Anasema siku ile watu walipocheka hakuna hata mmoja aliyefungua mwongozo kuangalia kilichoandikwa. Nimeshindwa kumbishia.

Naandika hapa kwa sababu kopi za zamani bado zinazunguka, na sijui zimefika wapi. Kama kwaya yenu ina mwongozo wa kurekodi wenye jalada la bluu, chaneni ukurasa wa kumi na moja leo, kabla ya mazoezi. Kila wimbo uwe na folda yake, na nakala ya pili iwekwe kwenye kompyuta nyingine.

Na wewe unayewaandikia wenzako namna ya kutumia vitu hivi, fanya kila hatua kwa mkono wako kabla hujaiandika. Usipoijua, andika kwamba huijui, halafu weka namba yako ya simu. Dada Bhoke angekuta nimeandika sijui, angenipigia kabla ya kugusa kitu. Nami ningemwambia, subiri dada, acha kwanza nisome.