Mrututu, Jiko la Mchina na Kiu ya Ramadhani

Enzi zetu, ukisema unakwenda maabara, watu walijua unakwenda kwenye chumba cha mwisho cha shule, kile chenye dirisha moja lililozibwa kwa bati na popo waliokataa kuhama. Bomba halikuwapo, gesi haikuwapo. Kulikuwa na meza mbili, jiko la mchina linalonuka mafuta ya taa, mizani moja iliyofunikwa kanga kama mtoto mchanga, na Mwalimu Haule. Wenzangu mliosoma Kibiti miaka ile mtanielewa. Tulicheza rede mpaka magoti yakachunika, tukala maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, tukachapwa kwa kuchelewa kuhesabu namba asubuhi. Lakini nikiulizwa ni wapi hasa nilianza kupata akili, nitasema ni kwenye chumba kile.

Nyumbani kwetu Ruaruke tuliishi na bibi, mama yake baba, mzaliwa wa Delta, kule mto unakoingia baharini. Bibi alikuwa mpishi wa chumvi. Kila kiangazi alirudi kwao, nasi wajukuu tukifunga shule tulimfuata. Nyuma ya mikoko kuna viwanja vitupu ambako maji ya bamvua, yale makubwa ya bahari, yakiondoka, ardhi inabaki nyeupe. Tulikwangua udongo ule kwa vifuu, tukautia kwenye chungu kilichotobolewa chini, tukaumiminia maji, na yale yaliyochuruzika ndiyo yaliyopikwa. Moshi ulitutoa machozi mpaka mpita njia angedhani tumefiwa. Bibi hakuwa na saa wala kipimo. Chumvi ikianza kukauka alichukua kidogo kwa vidole vitatu, akasugua, akakung'uta pembeni. "Ikikushika vidole, bado ina maji," alisema. "Ikikuacha, epua." Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi mno, hata vidole vyangu vikajifunza bila kuniuliza.

Nilipoingia kidato cha tatu tulitakiwa kugawanywa, wa sayansi huku, wengine kule. Baba, mkulima wa mpunga na ufuta, alikuwa ameshaniwekea mpaka. "Ukiingia sayansi nitakuacha usome," aliniambia. "Kama ni kwenda kusoma hadithi, hadithi hata bibi yako anazo, na hazitaki sare. Utarudi tuvune ufuta." Hakuwa mkatili, alihitaji mikono shambani. Mimi nilitaka shule kuliko kitu chochote duniani, na orodha ya sayansi ilikuwa mikononi mwa Mwalimu Haule. Yeye alisema atamwandika yule anayeweza kupima, basi, kwa sababu mizani ni moja na hawezi kumkabidhi mtu wa kubahatisha.

Mwalimu Haule alitoka Songea, Mkristo, mrefu, mwenye shati jeupe ambalo hatujawahi kujua analifulia wapi likabaki jeupe vile. Hakupiga kelele na hakuwa na haraka. Kitu chochote kilichokosekana alikitafutia mbadala, na mbadala wake ulifanya kazi. Mwaka ule mtihani wake wa kupima uliangukia Ramadhani. Alikwenda sokoni Ikwiriri akarudi na kipande cha gazeti kilichofungwa, na ndani yake mawe ya bluu. Ulikuwa mrututu, ule ule tuliopakwa kwenye vidonda tukiwa wadogo huku tumeshikwa na watu wawili.

Akasema ndani ya jiwe hili kavu mna maji, na kazi yetu ni kujua ni kiasi gani. Tukacheka. Akasaga kidogo, akatia kwenye kijibomba cha kioo, akakishika kwa koleo juu ya jiko. Baada ya muda, kwenye mdomo wa kioo yakajikusanya matone, meupe, safi, moja likateleza taratibu. Darasa zima lilikuwa limefunga. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Kibiti mnalijua. Tulilitazama tone lile kwa namna ambayo nina hakika ilipunguza thawabu. Mmoja nyuma akasema, "Jiwe lina maji, sisi hatuna," na hata Mwalimu akacheka. Rangi ya bluu ilikuwa imekwisha, kwenye kioo umebaki unga mweupe kama wa muhogo. Alipourudishia tone moja la maji, ukawa bluu tena. Sijawahi tena kushangaa vile, hata nilipozaa.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Kila mmoja alipewa gramu tano za mrututu kwenye kibakuli cha kauri. Unaupasha moto, unaupoza, unaupima, unaandika. Unaupasha tena, unaupoza, unaupima. Uzito ukiwa ule ule mara mbili mfululizo, maji yamekwisha. Kwa kuwa hewa ya kwetu ina unyevu, na unga ule ukipoa wazi unaunywa, Mwalimu alitutengenezea kopo kubwa la maziwa lenye mfuniko, chini ametandika chokaa kavu, ndimo tulimopozea. Ungeona anavyolifunika, ungedhani ameweka dhahabu.

Wenzangu wakafika gramu tatu na pointi mbili wakasimama. Mimi nikafika hapo, nikapasha tena, nikapata tatu na pointi moja. Nikapasha tena, tatu kamili. Mara ya nne, mbili na pointi tisa. Darasa likaanza kuniuliza kama jiwe langu nimelichota mtoni. Mwalimu akatazama daftari langu, akaniambia nirudie kesho. Usiku ule futari niliiacha, ingawa mama alitengeneza muhogo wa nazi, chakula nisichowahi kukiacha.

Kesho yake nikarudia, na uzito ukashuka vile vile. Ilibaki siku moja orodha ipelekwe kwa mkuu wa shule. Mimi tayari nilishaanza kujiona na mundu kwenye ufuta. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono nyuma, akinitazama. Akasema, "Hebu rudia ulichofanya sasa hivi kwa vidole."

Sikujua nimefanya nini. Nikatazama mkono wangu, ncha za vidole vitatu zimeingia rangi ya bluu. Kila nilipotoa kibakuli kwenye kopo, kabla ya kukipeleka kwenye mizani, nilichukua unga kidogo, nikausugua, nikakung'uta sakafuni. Kama Bibi. Nilikuwa nikifanya hivyo bila kujiona.

Nilimweleza habari za Delta, chungu kilichotobolewa na chumvi inayoshika vidole. Nilitegemea kucheka kwake au fimbo yake. Kwanza alinituma nikanawe, mara mbili, kwa sabuni, akasema mrututu ni sumu na hataki mtoto wa mtu afuturu kwa sumu. Niliporudi, akavuta kiti. Aliniuliza maswali juu ya Bibi kwa nusu saa nzima, udongo unakwanguliwa mwezi gani, moto ni wa kuni zipi, chumvi inasuguliwa mara ngapi. Akaandika. Mtu mzima mwenye stashahada anaandika maneno ya bibi yangu kwenye daftari. Ndipo akasema, "Bibi yako na mimi tunatafuta kitu kimoja. Ila yeye ana sufuria nzima, akitupa kidogo haimpunguzii. Wewe una gramu tano. Kesho jioni njoo, hiyo ndiyo mara ya mwisho, nami lazima nipeleke orodha."

Jioni ya siku hiyo ya mwisho Baba alikuja kunichukua kwa baiskeli. Akanikuta bado, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa maabara na kofia yake ya mkono, akaangalia. Nilifanya kazi mkono wa kushoto umeshika gauni nyuma, usije ukamsaidia mwenzake. Nilipasha, nikafunika, tukangoja. Nani leo anajua kungoja kibakuli kipoe? Mwalimu hakuangalia saa, hakuniambia harakisha. Nikapima: tatu na pointi mbili. Nikapasha tena. Tukangoja tena, jua linashuka, watu wanapita njiani na vibakuli vya uji wa pilipili manga. Nikapima. Nikasogeza uzito mdogo kabisa kwa ncha ya koleo, mkono wa mizani ukapanda, ukashuka, ukasimama pale pale. Tatu na pointi mbili.

"Yamekwisha," Mwalimu akasema, akachukua kalamu akaandika jina langu mbele yangu.

Adhana ya magharibi ikalia. Baba akafungua kitambaa, akatoa tende na chupa ya maji, akamkaribisha Mwalimu kwa adabu tu, kama unavyomkaribisha mgeni aliyekwisha kula. Mwalimu akainywa chupa ile nusu nzima bila kupumua. Baba akamtazama.

"Kumbe na wewe umefunga, Mwalimu?"

"Sijafunga, mzee. Lakini mwezi huu nawafundisha watoto maji, na wao wana kiu. Nimeona haya kunywa."

Baba alimsogezea tende zote zilizobaki. Tulipanda baiskeli, tukaenda mwendo mrefu gizagiza. Karibu na nyumbani akasema, "Utasoma. Ufuta nitavuna na wadogo zako." Hakulirudia jambo lile tena maishani mwake, na hakulivunja.

Sikuwa daktari kama nilivyowatangazia marafiki. Nina duka la dawa, watoto watatu, na miwani. Mwalimu Haule alihamishwa kabla sijamaliza, sikujua alikwenda wapi. Vijana wa leo nawapenda, wana akili za ajabu, ingawa wakikatiwa bando wanaumwa. Juzi binti yangu alikuwa anasoma mrututu huo huo. Amejilaza kitandani, mguu ukutani, kwenye simu mtu wa mbali anapasha moto unga, na kabla haujageuka rangi yeye anasogeza mbele kwa kidole. Kwa dakika mbili akawa na jibu. Aliponiuliza kama ni sahihi nikamwambia ni sahihi, tatu na pointi mbili, hata mimi nilipata hiyo.

"Ulichukua muda gani?" akaniuliza.

Nikamwambia siku tatu. Akanionea huruma. Jibu tumepata lile lile, mimi na yeye. Ila yeye hatakuwa na mtu wa kumkumbuka, aliyekaa na kiu ili alipate.