Nzi wa Pipa la Mboji

Mama alipopata kiharusi, nilimleta kwangu, kijijini Nakwa. Mikono yake haikuwa na nguvu hata ya kushika kikombe.

Nyuma ya jiko nilikuwa na pipa la mboji ya bustani, nikitupa humo maganda ya ndizi na makombo ya ugali. Masika yalipoanza, pipa likajaa nzi, nao wakaijua njia ya dirisha la mama. Nilikuwa nikiingia nawakuta wametua pembeni mwa mdomo wake, naye ananitazama tu, hawezi kuwafukuza.

Nilifunika pipa kwa turubai, nikamwaga majivu, bila mafanikio. Nikachemsha maji nikamimina. Kesho yake funza walikuwa wakipanda ukutani. Nilikaa kwenye matope nikalia.

Jirani aliyekuja kumjulia hali mama alinikuta pale pale, nikamweleza yote niliyojaribu.

"Dada, unamwagia maji kitu kilichokwisha kulowa," alisema. "Ugali usitupe humo. Changanya majani makavu ya mahindi, na kila ukitupa taka, funika kwa udongo."

Tulilikokota pipa pamoja hadi kwenye uzio, tukafanya alivyosema. Nzi walipungua, ila hawakuisha. Mchana kutwa nikawa nakaa kando ya kitanda nikimpepea mama kwa khanga.

"Pumzika, mwanangu," aliniambia siku moja, kwa ulimi mzito.

Nilimwitikia, lakini mkono sikuushusha.