Mpokeaji Hajulikani

Mtaani walimwita Mzee Muhuri, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka thelathini na mmoja alichambua barua pale posta, na ungemtajia mtu yeyote wa mjini angekupa namba ya sanduku lake kabla hujafunga mdomo. Barua isiyo na mwenyewe aliigonga muhuri mwekundu: MPOKEAJI HAJULIKANI. RUDISHA.

Nne kati ya hizo zilikuwa za mke wake.

Ziliandikwa na binti yao wa pekee. Alikuwa ametoroka na dereva wa lori, na baba mtu akaapa kwamba hana mtoto. Alipoutambua mwandiko kwenye bahasha ya kwanza, aligonga muhuri kwa nguvu hata wenzake wakageuka. Anwani ya nyuma hakuisoma. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alirudi nayo nyumbani, ikalala kwenye mkoba, na asubuhi akaigonga kama zilizotangulia. Baada ya ya nne haikuja tena nyingine. Mtu mzima na akili zake. Watu husema majuto ni mjukuu. Yeye wajukuu wenyewe hajui hata kama wapo.

Sasa mkewe anasahau. Anatia chumvi kwenye chai, anaficha viatu ndani ya sufuria, na kila mchana anasimama mlangoni kuuliza kama mtoto ametoka shule. Asubuhi ndiyo akili humtulia kidogo, na asubuhi za namna hiyo zinapungua. Mzee alijiambia atamweleza kesho, na kesho yake tena kesho, mpaka akaingiwa na hofu kwamba atakosa wa kumweleza.

Akasema Jumanne moja, wakichagua mchele pamoja.

"Mama, mtoto aliandika. Mara nne. Nilizirudisha mimi."

Mkewe akaendelea kutoa mawe. "Najua."

"Unajua nini?"

"Moja ulikuja nayo kwenye mkoba. Niliiona nilipotaka kuufua, nikairudisha palepale." Akainua macho. "Nilikuogopa, baba. Nikasema hasira zikipoa nitakuuliza. Hazikupoa, na mimi sikuuliza."

Wakalia wote wawili, mchele umesahauliwa kwenye ungo. Mzee alipopata sauti akasema wamwandikie, halafu akakumbuka kwamba yeye, aliyejua masanduku ya mji mzima, sanduku la mwanawe halijui.

"Mia nne kumi na nane," mkewe akasema, akataja na mji, bila kukwama hata mahali pamoja. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameuliza mara tatu leo ni siku gani. Lakini namba ile aliisoma mara moja tu, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiirudia moyoni kila anapoosha vyombo.

Wakaandika. Wiki ya sita barua ikarudi. Muhuri ulikuwa uleule mwekundu, umegongwa vizuri na mfanyakazi wa posta ya huko, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Mzee alijikuta ameshaiingiza nusu mfukoni, kwa mazoea ya mkono. Akaona haya. Akaitoa, akaingia nayo ndani na kumwekea mkewe mapajani.

Ilikuwa mchana. Mama alipitisha kidole kwenye maandishi mekundu, herufi moja moja, kisha akamtazama mumewe kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Wewe ndiye wa posta?"

"Ndiye mimi."

"Basi nisaidie, mzee wangu." Akachungulia mlangoni kwanza, akashusha sauti. "Ya mwanangu ikija nyingine, usimpe mume wangu. Nipe mwenyewe mkononi."