Muhuri Mwekundu Chini ya Sinia la Kukhu

Sokoni Kitale ninauza vyombo vya mtumba: vikombe vilivyopoteza wenzao, bilauri, sahani za maua, na yale mapambo ya sebule ambayo watu hushika, hucheka, halafu hurudisha mezani. Siku moja nilifungua gunia nikakuta sinia jeusi la mbao, linang'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Juu yake kulikuwa na wazee wadogo wa Kichina, wa rangi ya dhahabu, wanavuka daraja na miavuli yao. Niliwaangalia mpaka mteja akachoka kuningoja akaenda zake. Nilitaka kujua wazee wale wanaenda wapi. Tangu hapo mimi ni mtu wa masinia ya Uchina.

Shule niliachia kidato cha pili, kwa hivyo mwalimu wangu ni simu. Simu inasema ligeuze sinia, usidanganywe na uso. La zamani lina nyufa nyembamba kama matope yaliyokauka, na mara nyingine utakuta muhuri wa fundi, mraba mdogo mwekundu wenye maandishi ya Kichina. Sawa. Halafu video inayofuata inasema muhuri si kitu, hata matapeli wanao. Nyingine inasema ati unuse. Nimenusa masinia mengi bana, na mpaka leo sijui nilikuwa natafuta harufu gani. Lakini nayapenda. Yamejaa ukutani juu ya kitanda changu, na nikiyaangalia naona duka langu la kesho, lenye dirisha la kioo, watu wanaingia wakiongea polepole.

Basi nikaenda Mabanga, pale karibu na Bungoma, kumsalimia kukhu, nyanya yangu. Kukhu naye ana sinia jeusi, la ndege wa dhahabu. Babu alikuwa mpishi wa mzungu kule Endebess. Mzungu alipouza shamba, mke wake alimpa babu sinia hilo, na lingine pacha yake akampa dereva, ambaye pia alikuwa mtu wa Mabanga, jirani yetu. Babu na dereva wote wamekufa. Babu hakuacha hata picha. Aliacha sinia. Kila asubuhi kukhu hulipangusa kwa kipande cha leso, na hulisalimia. Nimesikia kwa masikio yangu. "Mzee, umeamkaje."

Nikaligeuza. Pale kwenye kona palikuwa na mraba mdogo mwekundu, umefifia, na ndani yake mistari kadhaa. Nikalipeleka mlangoni penye mwanga.

"Kukhu, huu ni muhuri. Fundi wa Uchina aliweka sahihi yake."

"Sahihi?"

"Ndio. Hii ni ya zamani kabisa."

"Si nilijua," akasema, akakaa wima kama mke wa askofu. "Mzee hangeniletea takataka."

Jumapili baada ya ibada akawaita akina mama wa kanisa waje kunywa chai na kuona sahihi ya Uchina. Kila mmoja aliinama akaangalia, akatikisa kichwa kwa heshima. Wa mwisho alikuwa jirani, mjane wa yule dereva. Alivaa miwani kwanza.

"Ati Uchina," akasema.

"Uchina kabisa, mama," nikamjibu.

"Mtoto wangu, hii ni rangi ya kucha."

"Wivu huo," mwingine akamtania.

"Sema tu wivu. Msichana wangu ndiye alipaka, mimi nikachora na msumari. Si lazima uweke alama ukipeleka vyombo matangani? Ama zirudi kwa nani?"

Hapo hakuna aliyebisha. Kwetu hakuna nyumba yenye vyombo vya kutosha watu wa matanga. Huombwa kijiji kizima, na kila mwenye chombo huweka rangi kidogo chini yake ili kimrudie. Sufuria za mama yangu mwenyewe zina nukta za kijani, nimezisugua tangu utotoni. Sasa sijui ilikuwaje nione rangi ya kucha niite Uchina.

"Kwa hivyo hii ni yako," kukhu akasema.

"Ni yangu. Yangu ilikuja hapa kwa matanga ya mzee wako. Itakuwa zilibadilishana siku hiyo."

"Na miaka hii yote mimi nasalimia mume wa mtu."

Wale mama walicheka mpaka wakashika magoti. Kukhu hakucheka. Aliinuka, akabeba sinia, tukafuatana hadi kwa jirani.

Sinia la babu lilikuwa juani nyuma ya jiko, limeanikiwa kunde. Jua lilikuwa limelipinda. Ndege wote walikuwa wamekwisha, amebaki mmoja, naye bila kichwa.

"Ningejua ningeiweka ndani," jirani akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ungejuaje."

"Kaa na hiyo nzuri, dada. Mimi nimezoea hii yangu ya kunde."

Hata mimi nikaomba. "Kukhu, hizi ni pacha. Zimetoka nyumba moja. Labda babu ndiye alizibeba zote mbili."

"Wewe si ulisema hiyo alama ni sahihi ya mwenyewe?" akaniuliza, bila hasira hata kidogo, na ndiyo maana iliniuma. Alimrudishia jirani sinia zuri, akazimwaga kunde kwenye ungo, akaanza kupangusa.

Nilichanganyikiwa, na bado. Kama hili ndilo babu alilolishika, lile kukhu alilolipangusa miaka yote lilikuwa la nani? Mimi nilidhani ukishajua kitu kimetoka wapi umemaliza. Simu haina video ya jambo kama hili, nimetafuta.

Nilirudi Mabanga baada ya wiki chache. Sinia lilikuwa mezani, limepinda kama jani kavu, na kikombe kilikuwa kinateleza. Kukhu alikishika kwa mkono mmoja, akimimina chai kwa mwingine. Nikamuuliza kama bado anasalimia.

"Asubuhi nafungua mdomo, halafu naona haya," akasema. "Huyu bado hatujazoeana."

Sikuelewa kama anasema sinia ama mzee. Nikashika ukingo wa upande wangu ili lisiyumbe, naye akaendelea kumimina.