Kidole Gumba cha Brashi

Wateja walimwita Mikono Juu. Jina lilitokana na kazi. Mtu akimletea padi inayosumbua, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, fundi huyu aliiunganisha na kompyuta yake, akabonyeza kitufe kimoja kimoja, akazungusha vijiti viwili vya kuongozea mpaka ukingoni, kisha akailaza padi juu ya kitambaa na kusema kwa sauti kali, "Mikono juu!" Mteja mgeni alishtuka kama aliyevamiwa na majambazi. Kumbe alitakiwa asiiguse tu. Kwenye skrini kulikuwa na duara, na ndani ya duara nukta. Kijiti kikiwa kizima, nukta hutulia katikati. Kikiwa kimechakaa, nukta hujiendea yenyewe, polepole, bila mkono wa mtu.

"Fundi, hilo si jini?" aliuliza mteja mmoja.

"Jini gani? Uchakavu huo. Hata wewe ukisuguliwa hivyo kila siku, shingo itakaa upande."

Njia ya mkato ilikuwepo. Unaweza kuiagiza mashine ipuuze mwendo mdogo wa kijiti, nukta ikaonekana imetulia, na mteja akaondoka ameridhika. Mafundi wengi wa mtaa ule walifanya hivyo. Yeye alikataa, na kwa hilo alistahili heshima. Lakini kumwambia mteja ukweli si kazi ngumu. Mteja anakwenda zake. Ukweli mgumu ni ule unaoubeba hadi sebuleni kwa dada yako.

Dada yake alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, kijana fundi wa kupaka rangi ambaye kila mtu alimwita Brashi. Brashi alianguka kutoka kwenye ngazi, akatua kwa bega la kushoto. Mfupa ulipona. Mishipa ya fahamu ilikuwa imekatika, na mkono ukabaki unaning'inia kama mkono wa koti lililotundikwa msumarini. Ukimchoma sindano, hasikii. Daktari aliwaeleza wazi: upo upasuaji wa kuunganisha mishipa, ila hausubiri, kwa sababu misuli ikikaa muda mrefu bila mishipa hufa, na misuli iliyokufa haifufuliwi na bingwa yeyote. Alitaka jibu Jumatatu.

Tatizo lilikuwa kwamba baba yake Brashi aliingia hospitali ileile kwa upasuaji mdogo wa ngiri, akatoka amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo, ukitaja kisu cha daktari mbele ya mjane yule, alianza kukunja nguo ambazo zilikwisha kunjwa.

Ili kumliwaza mpwa wake, Mikono Juu alimpelekea mashine ya gemu na padi aliyokuwa akiitumia mwenyewe nyumbani. Hakuipima. Mganga hajigangi.

Jumapili mchana dada alimpigia simu akilia na kucheka kwa pamoja. "Njoo! Acha hayo madude yako, njoo! Kidole kimeamka!"

Alifika akihema. Brashi alikuwa kwenye kochi, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mto, kidole gumba kimewekwa kwenye kijiti cha kushoto, kile kinachomwendesha mtu wa kwenye skrini. Na yule mtu alikuwa anatembea! Dada alipiga vigelegele, akamkumbatia kaka yake mpaka miwani ikamkaa kombo.

"Si nilikwambia? Damu ya kwetu haifi kirahisi! Kesho namwambia daktari abaki na visu vyake akatie vitunguu."

Mikono Juu alicheka naye. Kisha akatazama vizuri, na kicheko kikamkauka mdomoni. Yule mtu alikuwa akienda mshazari, juu kidogo na kushoto kidogo. Alifika ukutani, akaendelea kutembea palepale, miguu inapiga na mwili hausogei.

"Mwambie arudi nyuma," alimwambia mpwa wake.

"Bado," dada alimjibu kwa niaba ya mwanawe. "Kinajua mbele tu. Mtoto anayejifunza kutambaa unamwambia aruke kamba?"

Fundi alikuwa ameuona mwendo ule mara nyingi kwenye kompyuta yake. Mkono wa mtu hutetereka, huacha na kuanza tena. Ule haukutetereka hata kidogo.

Dada alikwenda jikoni kuchemsha chai. Fundi alijongea kwenye kochi na kukiinua kile kidole gumba kwa vidole vyake viwili. Kilikuwa baridi, kizito kuliko alivyotegemea. Mtu wa kwenye skrini aliendelea kuusukuma ukuta.

Brashi hakutazama skrini. Alikuwa akimtazama mjomba wake usoni.

"Kirudishe, mjomba," alinong'ona.

"Ulijua?"

"Tangu juzi. Padi ilikuwa kwenye mto peke yake, na jamaa anatembea tu."

"Ukanyamaza!"

"Baba aliingia kule kwa miguu yake. Alikuwa ananitania nisimvalie viatu vyake vipya. Wewe ulikuwepo, mjomba. Mimi naogopa. Mkono mmoja unanitosha."

"Na ngazi utaishika kwa meno?"

"Nitapaka rangi sehemu za chini." Nusura wacheke wote wawili. Kisha kijana akamshika mkono kwa ule mzima, akaukaza. "Mama ameanza kupata usingizi. Ukimwambia, utakuwa umemmaliza."

Vikombe viligongana jikoni. Mikono Juu, mtu ambaye hajawahi kumficha mteja kitu, akakirudisha kile kidole juu ya kijiti.

Dada akaingia na sinia. Kaka yake alipokea kikombe huku macho yake yako mlangoni.

"Una nini wewe? Umekaa kama mwizi anayesikia mlango."

"Joto tu, dada."

Alikaa na joto lake. Aliwaza kwamba akisema, na kijana akafia kwenye meza ya upasuaji, basi yeye ndiye atakayekuwa amempeleka. Dada hatamsamehe, wala yeye hatajisamehe. Akinyamaza, mkono utakufa taratibu, na hakuna atakayejua nani aliuacha ufe. Watu watasema ni majaliwa. Hilo la pili ndilo lililomtisha zaidi, kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Alihitaji tu kumaliza chai, kuaga na kwenda. Watu wengi wameharibu maisha ya wapendwa wao kwa kumaliza chai na kuaga, na kitendo hicho wakakiita huruma.

"Dada, kaa."

"Mbona nimekaa?"

"Basi tulia." Aliichukua padi mkononi mwa Brashi, akaiweka juu ya stuli katikati ya sebule, akarudi nyuma. Yule mtu alitembea.

Dada aliitazama padi, akatazama skrini, akatazama mkono wa mwanawe juu ya mto.

"Nani anaigusa?"

"Hakuna."

"Izime, uiwashe tena."

Aliizima, akaiwasha. Yule mtu alisimama kidogo, kisha akaanza safari yake ileile ya kushoto.

"Umeiharibu sasa hivi, ulipoishika."

"Imechakaa siku nyingi, dada. Ni yangu. Sikuipima."

"Lete nyingine. Nenda dukani kwako, ulete nzima."

Alikwenda mbio. Aliipima padi mpya, na nukta ilipotulia katikati, kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani isitulie. Alirudi, akaiweka mkononi mwa Brashi, kidole gumba juu ya kijiti.

Mtu wa kwenye skrini alisimama. Alikuwa akipumua tu, kifua kinapanda na kushuka, kama wanavyofanya watu wa gemu wakisubiri kuamriwa.

"Sukuma, mwanangu," mama alisema. "Sukuma kidogo tu."

Brashi alisukuma. Mishipa ya shingo ilimtoka, jasho likamtiririka. Kidole kililala.

"Ondoka nyumbani kwangu," dada alimwambia kaka yake, bila kupandisha sauti. "Uliniletea furaha, umekuja kuninyang'anya. Ondoka."

Mikono Juu alisimama kwenda. Ndipo Brashi akasema, "Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si kidole. Nilijua juzi. Nikakuacha upige vigelegele."

"Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Naogopa unachokiogopa wewe."

Mama alishika shuka iliyokuwa pembeni, akaanza kuikunja. Alifika katikati, akaiacha ikaanguka miguuni.

"Mimi ndiye nimekufundisha kuogopa hivyo," alisema. "Kesho tutakwenda. Na wewe," alimgeukia kaka yake, "usithubutu kuchelewa."

Daktari hakuwaahidi kitu. Alisema mkono unaweza kurudi kwa sehemu, au usirudi. Mama akamuuliza kama mtoto anaweza kufa. Akajibu kwamba kila upasuaji una hatari yake. Brashi alisikia yote, akasema, "Nipasueni."

Siku ya upasuaji walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, mama akitembea kando yake na kushikilia mkono wake wa kulia. Mlangoni muuguzi alisema, "Mama, mwisho hapa." Hakuachia. Hakuwa amekataa, vidole vyenyewe viligoma. Ilibidi kaka yake amfungue kidole kimoja kimoja, huku Brashi akisema, "Mama, huo ndio mzima, usiuvunje."

Mlango ulifungwa. Walikaa kwenye benchi la chuma. Kila viatu vilipolia koridoni, mama aliinuka nusu, akarudi.

"Niambie atatoka," alisema.

Mikono Juu alitafuta maneno mazuri. Yalikuwepo mengi, na yote yalikuwa karibu.

"Sijui, dada."

Alidhani atampiga. Badala yake dada alisogea, akamshika mkono wa shati na kuukaza ndani ya ngumi yake. Wakaendelea kuutazama mlango.