Kidole cha Patron

Patron, mwenye kiwanda chetu cha sabuni pale Kimisagara, Kigali, alikuwa akionja sabuni kwa ncha ya ulimi. Anachovya kidole kwenye pipa, anaonja, anatema, anasema, "Soda bado inauma," maana magadi makali hayajaisha kuchanganyika na mafuta, nasi tunasubiri. Mwaka ule wa 1993 mnunuzi alimwambia hawezi kununua kiwanda kinachotegemea ulimi wa mtu mmoja. Asingenunua, kiwanda kingefungwa nasi sote tungerudi nyumbani. Basi Patron akaanza kufunga mikono nyuma ya mgongo. Nyirarukundo na Kagabo, aliowachagua wasimamie kazi, wakimuuliza jambo, aliwajibu kwa ile sauti yake ya chini, "Na kama mimi sipo?" Siku moja pipa zima liliharibika mbele ya macho yake, naye akabana vidole mpaka viungo vikalia. Mimi nilikuwa nafagia, nikamwombea kimoyomoyo.

Siku aliyokuja mnunuzi, Nyirarukundo alionja, akatema. "Iko sawa. Mimina!" Mnunuzi akampa mkono. Nikamshukuru Mungu, maana kazi zetu zilikuwa zimepona. Patron naye akasogea, kidole kimeshanyooka kuelekea pipa.

"Patron, tupishe kidogo," Kagabo akamwambia kwa heshima. "Utaungua."

Akapisha. Akaja kusimama karibu na ufagio wangu, akakitia kidole mdomoni hivyohivyo, kikavu.

"Ni nzuri, mama," akaniambia. "Ni nzuri kabisa."